Wembe Usiwe Ule Ule

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma hili. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawakubahatika kuyasikia, na kwa wale walioyasikia wakapenda kuyaweka.)

Ndugu msikilizaji,

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii tumeizoea kama onyo. Ukiona jirani kafikwa na jambo, usimcheke. Jiandae, maana zamu yako iko njiani. Tunaitumia katika siasa, katika biashara, hata katika mpira wa miguu. Lakini ni nadra kujiuliza wahenga waliipata wapi. Waliipata kwa kinyozi. Enzi hizo wembe ulikuwa kipande cha chuma kilichofuliwa na mhunzi, na kila aliyekaa mbele ya kinyozi alijua kwamba chuma kile hakipandi kichwa kikavu. Aliyetia maji mapema alinyolewa akanyanyuka salama. Aliyekaidi alinyanyuka na damu.

Leo nakuomba tuichukue methali hiyo kwa maana yake ya juu juu kabisa, yaani kunyoa, na hasa kunyoa ndevu. Najua watakuwapo watakaosema: hivi mambo ya nchi yamekwisha, hata mtu akae redioni azungumze habari za ndevu? Mambo hayajakwisha. Lakini kesho asubuhi ukipanda daladala, tazama kwa makini shingo na mataya ya vijana waliosimama karibu nawe, wale wanaowahi kazini. Yupo mlinzi, yupo mhudumu wa hoteli, yupo karani wa benki. Utaona vipele vyeusi vilivyojaa chini ya kidevu. Vingine vimevimba, vingine vina usaha, vingine vimeacha makovu magumu kama punje za mtama. Vijana hao wananyoa kila alfajiri kwa sababu kazi inadai, na kila alfajiri wembe unapita juu ya kidonda cha jana. Basi hilo si jambo la urembo. Ni jambo la afya, la riziki na la heshima ya mtu.

Kwanza tuondoe uzushi. Mwenye vipele vya ndevu husemwa mengi. Wengine husema ni mchafu, haogi vizuri. Wengine husema ana damu chafu. Wengine humwambia ni mambo ya ujana, akioa vitakwisha. La hasha! Vipele hivi havitokani na uchafu wala damu wala ujana. Vinatokana na umbo la udevu wenyewe.

Udevu wa mtu mweusi kwa kawaida haukunyooka. Umejikunja kama chemchemi ya saa, na hata shina lake ndani ya ngozi limepinda. Sasa wembe unapoukata, hauukati sawasawa kama msumeno unavyokata mti. Huukata kwa mshazari, ukaacha ncha kali kama ya mkuki. Udevu huo ukianza kuota tena, hauendi mbele. Unafuata tabia yake ya kujikunja. Unatoka nje kidogo, unageuka, kisha ncha yake inachoma ngozi na kuingia ndani upya. Na ukikatwa chini sana, chini ya usawa wa ngozi, hauhangaiki hata kutoka nje. Unatoboa ukuta wa kishimo chake humo humo ndani.

Mwili ukiona kitu kimechoma ngozi hauulizi kama ni cha mwenyewe au cha mgeni. Unakichukulia kama mwiba. Unapeleka askari wake mahali hapo, ngozi inavimba, inauma, inawasha, na wakati mwingine inatunga usaha. Kwa hiyo kipele cha ndevu ni mwiba wa mwenye nyumba, uliomrudia mwenyewe. Madaktari wanalo jina refu la ugonjwa huu, ambalo tafsiri yake ni ugonjwa unaofanana na maambukizo ya vishimo vya ndevu, ilhali siyo. Jina lenyewe linakiri kwamba chanzo si vijidudu. Vijidudu huja baadaye, mlango ukishafunguliwa.

Na wagonjwa wake si wachache. Hesabu ambayo madaktari wa ngozi huitaja mara nyingi ni kwamba kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa ndevu hupatwa na vipele hivi kwa kiasi fulani. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba iko tofauti ndogo ya urithi katika ujenzi wa unywele, na aliyeizaliwa nayo uwezekano wake wa kupata vipele huongezeka kama mara 6. Kwa maneno mengine, wako ndugu wawili wanaotumia sabuni moja na maji ya ndoo moja, mmoja akatoka na uso laini kama yai na mwingine akatoka na uso kama ganda la stafeli. Usimlaumu wa pili kwa uchafu. Kila mtu na alivyozaliwa.

Sasa, ndugu msikilizaji, tulifikaje hapa? Kwa karne nyingi mwanaume alinyolewa kwa wembe mrefu wenye mpini, uliohitaji kinoo na ukanda wa ngozi wa kuusugulia. Kunyoa ilikuwa kazi ya fundi, na watu wengi hawakunyoa kila siku. Mwaka 1901 Mmarekani aitwaye King Camp Gillette, pamoja na mhandisi William Nickerson, walianzisha kampuni ya kutengeneza wembe mwembamba wa kutumia na kutupa, unaokaa ndani ya kishikio. Mwaka 1903, walipoanza kuuza, waliuza vishikio 51 tu na nyembe 168. Watu hawakuamini. Lakini Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, jeshi la Marekani liliwagawia askari wake nyembe hizo kwa mamilioni. Kinyago cha kuzuia gesi ya sumu hakikai vizuri juu ya ndevu. Askari walirudi nyumbani na vifaa hivyo, na pamoja navyo walirudi na desturi ya kunyoa kila siku.

Kutoka jeshini desturi hiyo iliingia ofisini, na kutoka ofisini ikasambaa duniani, na kwetu ikafika. Mwanaume nadhifu akawa ni yule ambaye ukipitisha kiganja shavuni mwake husikii kitu. Hakuna aliyekaa chini akauliza kama udevu uliojikunja utaikubali desturi hiyo.

Kisha wenye viwanda wakaongeza jingine. Mwaka 1971 ukatoka wembe wa makali mawili katika kichwa kimoja. Mwaka 1998 yakawa matatu, na mwaka 2006 yakawa matano. Hesabu yao ni hii: kali la kwanza linaukamata udevu na kuuvuta juu kidogo, la pili linaukata kabla haujarudi. Ukishakatwa unarudi chini ya ngozi, na uso unakuwa laini kabisa. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka hiyo ni neema. Kwa mwenye ndevu zilizojikunja hapo ndipo matatizo yanapoanza, maana udevu umeachwa ndani ukiwa na ncha kali, na njia ya kutokea ni kutoboa. Ndiyo sababu madaktari wengi wa ngozi huwashauri wenye vipele watumie wembe wa kali moja. Umaskini wa wembe wetu wa zamani, kumbe, ulikuwa na hekima yake.

Nieleze basi namna ya kunyoa, maana kulalamika peke yake hakutibu shingo.

La kwanza ni maji. Udevu mkavu ni mgumu. Ukiloa unakunywa maji, unavimba na kulainika, na nguvu inayohitajika kuukata inapungua sana. Lakini haulainiki kwa kupakwa tone moja. Unahitaji dakika 2 au 3 za maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo usinyoe kabla ya kuoga. Nyoa ukishaoga, au weka taulo lililochovywa katika maji ya uvuguvugu juu ya uso kwa muda huo. Ukiwa na kitambaa laini, sugua taratibu kwa kuzungusha, hasa shingoni. Kufanya hivyo kunazinasua ndevu zilizoanza kujichimbia kabla wembe haujazifikia.

La pili ni povu. Wengi wetu tunachukua sabuni ya mche, ile ya kufulia, tunasugua mkononi na kupaka. Sabuni hiyo imekusudiwa kutoa mafuta katika nguo, na ikifika usoni inatoa mafuta ya ngozi pia, ikaiacha kavu na kuwasha. Tumia sabuni ya kuogea iliyo laini, au krimu ya kunyolea kama mfuko unaruhusu. Ukiwa na brashi ni vizuri zaidi, kwa sababu inaziinua ndevu zilizolala. Kazi ya povu ni kutunza maji juu ya udevu na kuufanya wembe uteleze. Povu likikauka kabla hujamaliza, tia maji upake tena.

La tatu ni kuujua uso wako. Ndevu haziangalii upande mmoja. Za shavuni huelekea chini, lakini za shingoni nyingine huelekea juu, nyingine kushoto, nyingine huzunguka kama maji ya kisima. Siku ambayo hukunyoa, pitisha kidole. Upande unaoteleza ndio upande zinakoelekea. Upande unaokwaruza ndio kinyume chake. Wembe uende upande unaoteleza. Kinyozi yeyote atakwambia kwamba kunyoa kinyume ndiko kunakolainisha. Ni kweli, lakini ulaini huo wa saa chache unalipwa kwa vipele vya wiki nzima.

La nne ni mkono. Usiivute ngozi kwa mkono mwingine, maana ukiiachia, ndevu zilizokatwa zinazama ndani. Usikandamize, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Pita kwa hatua fupi fupi, suuza wembe kila mara, na usirudie pahali pamoja zaidi ya mara mbili. Ukibaki na kivuli kidogo cha ndevu, kiache. Kivuli si uchafu. Haraka haraka haina baraka, na mwenye kujua hivyo kuliko wote ni yule aliyewahi kujikata akiwa anakimbilia basi.

La tano ni baada ya kunyoa. Suuza kwa maji baridi, kausha kwa kugusagusa na taulo safi, usisugue. Ile desturi ya kujimwagia spiriti au manukato makali mpaka machozi yatoke, tukiamini kwamba kinachouma ndicho kinachotibu, tuiache. Spiriti inakausha ngozi ambayo imetoka kukwanguliwa. Paka mafuta mepesi yasiyo na manukato. Shabu ni dawa nzuri ya zamani ya kuzuia damu palipokatika, lakini iwe shabu yako mwenyewe. Nitalirudia hilo.

La sita ni wembe wenyewe. Utashangaa kwamba unywele, ambao ni laini kuliko chuma cha pua kwa kama mara 50, unaweza kukiharibu chuma hicho. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha majibu yao katika jarida la Science. Mmoja wao alikuwa akijinyoa mwenyewe na kuukagua wembe chini ya darubini yenye nguvu sana kila amalizapo. Waliona kwamba makali hayachakai tu taratibu kama tulivyodhani. Yanamegeka vipande vidogo sana, hasa pale unywele unapopinda wakati wa kukatwa na kukutana na sehemu ya chuma isiyo imara sawasawa. Wembe uliomegeka haukati, unararua. Madaktari wa ngozi hushauri ubadilishwe baada ya kunyoa mara 5 hadi 7. Wenye ndevu ngumu wabadilishe mapema zaidi. Katikati ya hapo, ukung'ute maji na uuhifadhi pakavu, si kwenye ukingo wa beseni la bafuni ambako unashika kutu.

Najua hali ya mifuko yetu. Yupo anayetumia wembe mmoja mwezi mzima, akiugeuza huku na huku, akiunoa kwenye kiganja au ndani ya bilauri. Lakini bei ya wembe mmoja haifiki nauli ya daladala. Anayeokoa fedha hiyo atazitoa mara nyingi zaidi duka la dawa, akinunua mirija ya krimu.

Na hapa, ndugu msikilizaji, pana hatari ambayo lazima niitaje kwa jina. Kijana akishapata makovu meusi shingoni, anaona aibu. Akiona aibu anatafuta cha kuyafuta, na mtaani atapata wa kumuuzia: mkorogo. Ndani ya mikorogo mingine mna zebaki, ambayo Shirika la Afya Duniani limeonya mara nyingi kwamba inaharibu figo. Nyingine zina dawa kali za kupunguza uvimbe, ambazo zikipakwa ovyo kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Na zipo ambazo mwanzoni hung'arisha, kisha zikaiacha ngozi nyeusi kuliko ilivyokuwa, weusi usiotoka. Mtu alianza na kipele cha ndevu, anaishia na uso wa kuazima. Makovu ya vipele hufifia yenyewe taratibu, alimradi vipele vipya visiongezwe. Dawa ya kovu ni kuzuia kovu la kesho.

Ipo pia ile poda ya kunyolea, inayokorogwa na maji ikanuka kama yai viza. Haikati, inayeyusha udevu. Inasaidia wengi, maana udevu ulioyeyushwa huacha ncha butu badala ya mkuki. Lakini dawa inayoyeyusha unywele haishindwi kuunguza ngozi. Ijaribu kwanza mkononi, usizidishe dakika zilizoandikwa kwenye kopo, na usiitumie kila siku.

Na kwa yule ambaye vipele vimekwisha kumjaa, wembe mzuri peke yake hautamwokoa. Dawa yake ya kwanza ni kuacha kunyoa kabisa kwa wiki 3 au 4. Siku za mwanzo mwasho unaweza kuzidi, asikate tamaa. Udevu unaota kama sentimita 1 kwa mwezi, na ukifika urefu huo nguvu ya kujikunja kwake inauchomoa wenyewe kutoka katika ngozi. Unaoonekana umejikunja juu ya ngozi unaweza kuunyanyua kwa sindano iliyochemshwa, lakini usiung'oe. Ukiung'oa, utakaozaliwa badala yake utaanza safari ndani kwa ndani. Baada ya hapo anayeona wembe umemshinda atumie mashine ya kupunguzia, aache kivuli cha milimita 1 hivi. Vikizidi, aende kwa daktari. Wataalamu wa ngozi tunao. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kimekuwapo kituo cha kuwafundisha wataalamu hao kwa ajili ya kanda hii tangu miaka ya 1990.

Sasa nilirudie lile la shabu, maana wengi wetu hatujinyoi wenyewe. Tunakwenda saluni. Sina ugomvi na kinyozi. Ni fundi, ni mchambuzi wa siasa na soka, na kibanda chake ni baraza la mtaa. Lakini tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini, mkoani Kagera mwaka 1983, tulifundishwa kwa miaka mingi somo moja jepesi: kila mtu na wembe wake. Nina wasiwasi kwamba somo hilo tumeanza kulisahau. Na UKIMWI hauko peke yake. Virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huambukiza kwa urahisi zaidi kwa njia ya damu, vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku zisizopungua 7. Alama ya damu isiyoonekana kwa macho inatosha. Mwenye vipele shingoni ni mtu mwenye milango midogo mingi iliyo wazi, naye akipitiwa na wembe, au mashine, au jiwe la shabu lililotoka kwenye shingo ya mwingine, anabahatisha maisha yake.

Kwa hiyo, ukikaa kwenye kiti, sema bila haya: wembe mpya, na ufunguliwe mbele ya macho yangu. Jiwe la shabu linalozunguka kutoka uso hadi uso likatae. Taulo lililomfuta aliyetangulia likatae pia. Mashine isafishwe, nywele zitolewe, kisha chuma chake kilowe dawa kwa dakika za kutosha. Kupitisha kipande cha pamba chenye spiriti mara moja, au kuwasha kiberiti moto ukapepea juu ya chuma, ni tamthilia; vijidudu haviangalii tamthilia. Kinyozi mwema hataudhika. Akiudhika, mtaa hauna saluni moja. Na wewe kinyozi unayenisikiliza, kumbuka kwamba kinyozi hajinyoi. Mikono yako nayo inakatika, na damu ya mteja ikiingia huko, mgonjwa ni wewe.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwa waajiri. Ziko kampuni za ulinzi, ziko hoteli, ziko ofisi, ambazo sheria yake ni uso mweupe wa ndevu kila siku. Kijana akifika na kivuli cha siku mbili anaitwa mkaidi, anarudishwa nyumbani, na siku inakatwa katika mshahara. Akieleza kwamba shingo inauma, anaambiwa asilete visingizio. Wenzetu wa Marekani walilifikisha jambo hili mahakamani. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa huko ilikubali kwamba sharti kali la kutofuga ndevu katika biashara moja ya kuuza piza liliwaumiza wanaume weusi zaidi ya wengine, kwa sababu ya ugonjwa huu huu, na kwamba mwajiri hakuonyesha ulazima wake. Jeshini kwao, kwa miaka mingi askari mwenye vipele amekuwa akipewa cheti cha daktari cha kumruhusu asinyoe. Mwaka 2025 wakubwa wa wizara yao ya ulinzi waliamua kuzibana ruhusa hizo, na malalamiko yakazuka upya. Mzozo huo haujaisha.

Sisi hatuna haja ya kungoja mahakama. Mwajiri ana haki ya kutaka unadhifu, tena haki kamili. Mteja wa hoteli hapendi kuhudumiwa na mtu aliyesahau maji. Na kazi inayohitaji kinyago cha kuzuia gesi au moshi ina sababu yake, maana pale ndevu zinahatarisha uhai. Lakini kulinda lango au kupokea wageni hakuhitaji kinyago. Sheria iseme hivi: ndevu ama zinyolewe, ama zipunguzwe ziwe fupi na sawasawa. Mwenye cheti cha daktari asisumbuliwe. Ni maneno machache kwenye karatasi, hayamgharimu mwenye kampuni hata senti moja, na yatamwondolea mfanyakazi wake maumivu ya kila alfajiri. Sijaona mwizi aliyeogopa lango kwa sababu mlinzi kanyoa vizuri.

Na akina baba tulio nyumbani tunalo letu. Mtoto wa kiume akiota ndevu za kwanza, nani anamfundisha kunyoa? Mara nyingi hakuna. Anajifungia bafuni na wembe wa kuokota, hana maji wala povu, anajikwangua kama anayekwangua ukoko wa sufuria. Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe, ukimkata atajua. Kwa mambo mengine methali hiyo huenda ni sawa. Kwa ndevu hapana. Mtoto akililia wembe, mpe, lakini mpe pamoja na maji ya uvuguvugu, sabuni na dakika kumi za baba yake. Mwonyeshe ndevu zinaelekea wapi. Mwambie wembe haupeanwi, hata kwa rafiki, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Ndugu msikilizaji, katika lugha ya mitaani tuna msemo wa kujigamba: wembe ni ule ule. Timu ikishinda mara ya pili, wembe ni ule ule. Mgombea akirudi bungeni, wembe ni ule ule. Kwenye mpira na siasa msemo huo uendelee. Lakini mbele ya kioo, na kwenye kiti cha kinyozi, wembe usiwe ule ule wa jana uliomegeka, wala ule ule wa jirani. Na kabla haujagusa ngozi, fanya walivyosema wazee. Tia maji.

Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo. Kwaherini.